Milio Sita ya Hendibreki

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi utasemwa na jirani yangu wa chini, na yeye akisimulia huongeza chumvi na kuigiza sura yangu. Nilinunua gari. Mimi, mtu ambaye safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka kitandani hadi barazani, ninakochapa barua za watu na kuwajazia fomu za mtandaoni, nilinunua gari dogo la otomatiki lililokwisha kuchoka kabla halijaiona Kigoma. Siku ya tatu nikaliegesha juu ya mteremko wetu hapa Bangwe, nikasukuma gia kwenye P, nikazima, nikaingia ndani kunywa chai. Hendibreki sikuigusa. Nilidhani imewekwa kwa ajili ya watu waoga.

Chai ilikuwa haijapoa niliposikia "ko", kama mtu amepasua mfupa wa ng'ombe kwa shoka. Nilipotoka, gari langu lilikuwa linateremka lenyewe, polepole, bila mtu ndani, kama mzee anayekwenda ziwani kunawa miguu. Nikalikimbilia kwa kandambili. Mpaka leo sijui nilitaka kulifanya nini nikilifikia. Nadhani nilitaka kuliomba.

Chini ya mteremko, pale barabara inapokata kona, ndipo lilipo jiko la jirani yangu wa chini: mafiga yake, sufuria ya maharage, na yeye mwenyewe juu ya kigoda, ametupa mgongo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa bado anabebwa, na maharage anayopika yeye ndiyo mtaa mzima tunayolia chapati asubuhi. Kati ya gari langu na mgongo wake kulikuwa na kitu kimoja tu: gari jingine, limeegeshwa pembeni katikati ya mteremko. Langu likafuata mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, likaenda likaligonga lile kwa nyuma. Taa ikapasuka, bampa likabonyea, vumbi jekundu likapanda. Lile lililogongwa halikusogea. Lilitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni, likabaki palepale.

Lilikuwa gari la Dereva.

Mtaani hatumwiti kwa jina. Wapo watoto waliozaliwa hapa, wakakua, wakaoa, bila kulijua jina lake, na yeye hajaona haja ya kuwasaidia. Ukisema "Dereva amepita" hakuna anayekuuliza dereva yupi, ingawa mteremko huu una vijana wa bajaji na mwanamume mmoja mwenye lori. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka sabini kwenda huko anakokujua mwenyewe. Kilemba chake hukikaza kama turubai la mzigo. Goti lake la kulia limevimba siku zote, na fimbo anayo, lakini haimsaidii kutembea. Ni ya kunyooshea watu makosa yao.

Miaka mingi aliendesha malori ya chakula kutoka mjini kwenda makambini kwa wakimbizi, njia za Kasulu na Kibondo, wakati barabara zilikuwa udongo mtupu na mvua ikinyesha zinakuwa mlenda. Ukimuuliza alianzaje, anakujibu: "Kabla ya kushika usukani nilishika gogo." Alianza kama utingo. Lori likipanda kilima, utingo anakimbia nyuma yake na gogo mkononi. Lori likisita tu, analisukumiza gogo chini ya gurudumu kabla halijapata wazo la kurudi nyuma. Anasema wanaume walimpa kazi ile wakitegemea atakimbia baada ya siku mbili.

"Nikakimbia kweli," husema. "Nyuma ya lori. Miaka minne."

Labda ndiyo sababu hapendi tambarare. Jumapili kanisani, pale nje pana kiwanja kizuri kilichosawazishwa, na anafika mapema kuliko mtu yeyote. Haegeshi hapo. Anapanda hadi kwenye ule upande ulioinama kama paa na kuliweka gari lake huko. Ufukweni Kibirizi vivyo hivyo, akienda kununua dagaa, huwaachia wengine mahali pote palipolala. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa.

"Tambarare waachie wasiojua," akasema. "Mimi najua. Kwa nini niwabane?"

Siku ile ya ujinga wangu alitoka kwake taratibu, akaliangalia bampa lake, akaliangalia langu, akaniangalia mimi na kandambili zangu. Nikamwambia shikamoo. Wakati mwingine salamu ndiyo ngao pekee ya mtu.

"Marahaba, mwanangu. Ulivuta hendibreki?"

"Niliweka P, Dereva."

"Sikukuuliza uliweka nini. Nakuuliza ulivuta nini."

Akanionyesha kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, akakikunja kama ndoano.

"Ndani ya giaboksi kuna kidole cha chuma, si kikubwa sana. Ukiweka P, kidole hicho kinaingia kwenye jino la gurudumu fulani humo ndani, kinashika. Basi. Hakuna mwujiza mwingine. Wewe umechukua gari nzima, ukaining'iniza kwenye kidole kimoja, ukaenda kunywa chai. Ungekuwa wewe ndiyo hicho kidole, ungevumilia?"

Hapo jirani wa chini alikuwa amekwisha panda na mwiko wake mkononi. Alipima kwa macho kutoka gari langu hadi kigoda chake, akasema, "Ego." Kwao na kwa Waha pia neno hilo ni "ndiyo", lakini alivyolisema lilikuwa refu zaidi ya hapo.

Nilipeleka magari yote mawili kwa fundi, la Dereva kwanza. Langu lilipotoka, alinipa masomo wiki nzima, bila mimi kuomba. Alikaa kiti cha abiria, fimbo kati ya magoti, na kila nikipeleka mkono kwenye P mapema alinichapa vidole. Sikuwahi kuchapwa hivyo hata kidato cha pili, na nilikuwa mtu wa kuchapwa.

"Mguu kwenye breki. Usiutoe. Sasa gia weka N. Si P. N. Vuta hendibreki. Vuta kama unachota maji kisima kirefu. Sasa achia mguu, polepole. Umesikia?"

"Nimesikia nini, Dereva?"

"Gari imekaa. Imeinama kidogo ikakaa juu ya hendibreki. Hiyo ndiyo kazi ya hendibreki, kubeba. Sasa rudisha mguu, ndiyo uweke P. Kidole kinaingia kwenye jino lake bila mzigo. Kesho ukitoa P haitalia ko. Ukisikia ko ujue kidole kinalia."

Wakati wa kuondoka, kinyume chake: mguu kwenye breki, washa, toa P kwanza, hendibreki iwe ya mwisho kuachiwa. Na usukani daima uukunje kuelekea ukingoni, kwenye mtaro. "Gari ikichoka kusimama," alisema, "ikachokee mtaroni. Isichokee kwa watu."

Hendibreki yake yeye huivuta mara sita. Namaanisha milio: tik, tik, tik, tik, tik, tik. Mimi ni mtu wa barazani, na mtu wa barazani asiyejua sauti za mtaa wake ni mzigo tu. Najua mlango wa nani unalia, najua pikipiki ya nani ina kikohozi. Kila jioni Dereva akirudi nilizihesabu zile sita hata bila kutaka, kama unavyohesabu ngazi unazozipanda kila siku.

Baada ya hendibreki inakuja kabari. Hii ni mbao iliyochongwa mshazari, nene nyuma na nyembamba mbele, ya kuingiza chini ya gurudumu upande wa bondeni. Mawe hayapendi; anasema jiwe lina mawazo yake. Kabari zake anazichonga mwenyewe kutoka mbao za mitumbwi iliyokufa, anazookota Kibirizi. Ni mbao iliyokunywa maji miaka yote na sasa haishtuki na chochote. Kila anayemfundisha humpa moja yenye kamba, na kamba lazima ifungwe kwenye kitasa cha mlango wa dereva, ili usiweze kuondoka ukaisahau barabarani. Kuacha kabari au jiwe barabarani kwake ni dhambi kuliko kuiba. Aliwahi kuona pikipiki imelala porini na watu wawili kwa sababu ya jiwe la lori lililokwisha kwenda zake. Ukipoteza kabari yake, hupewi nyingine.

Sasa niseme jambo ambalo Dereva halijui. Mwezi wa pili baada ya masomo nilichoka kufungua na kufunga ile kamba, nikaikata. Wiki hiyohiyo niliondoka nikaiacha kabari barabarani, na niliporudi ilikuwa imekwisha okotwa, bila shaka imeivisha ugali wa mtu. Tangu hapo, jioni kukianza kuwa kiza, hushuka kimya hadi jikoni kwa jirani wa chini, nikachukua figa moja kati ya yale ya sufuria yake kubwa, nikaliweka chini ya gurudumu langu. Asubuhi nalirudisha kabla hajaamka. Naamini hajui.

Usidhani namsifu tu Dereva. Ni mtu mgumu, na mambo yake mengine hayapatani. Anaibembeleza gia ya gari kama anamvua mtoto fulana, lakini friji yake huifunga kwa teke. Anasema yeye si mwalimu na hana muda wa kufundisha mtu, kisha anasimama katikati ya barabara na fimbo kumzuia kijana wa bajaji asiyemjua, amfundishe. Maisha yake yote alizidharau gari za otomatiki, akiziita viti vya magurudumu. Goti lilipokataa klachi, akanunua moja, na sasa anajua habari zake kuliko walioziunda. Hataki kubebewa ndoo ya maji hata siku goti limevimba kama tikiti, lakini usipomwamkia anakubebesha maneno ya wiki nzima. Na ziwa hili, ambalo watu wanatoka mbali kuja kulitazama, liko chini ya dirisha lake, na hajawahi kupanda hata mtumbwi wa kuvukia hapo ng'ambo ya ghuba. Jirani wa chini alimuuliza siku moja kama anaogopa maji.

"Maji siogopi. Naoga kila siku," akajibu. "Ziwani utavuta hendibreki gani?"

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana lilikuwa na mkia. Siku ileile ya ajali niliandika kwenye kundi la mtaa la simu: "Magari mawili yamegongana mteremkoni, la Dereva na la kwangu. Hakuna aliyeumia." Hakuna neno la uongo hapo, na lote ni uongo. Sikusema la kwake lilikuwa limezimwa, limesimama, halina mtu. Niliona aibu, nikaigawa aibu yangu kwa watu wawili ili iwe nyepesi.

Dereva mwenyewe ana simu ya kitochi, kundi halioni. Lakini binti yake mkubwa, muuguzi huko Dodoma, yumo kundini kwa ajili ya kujua hali ya mama yake. Aliusoma ujumbe wangu. Siku ya nne alikuwa barazani kwa mama yake, begi halijafunguliwa, ametuita jirani wa chini na mimi tushuhudie. Alikuja kuchukua ufunguo wa gari.

"Mama, umri umekwenda. Goti ndiyo hilo. Sasa unagongana na watu."

"Nimegongana na nani?"

"Kundini wameandika."

Dereva akanitazama. Hapo ndipo mwanamume anasimama na kusema. Mimi nilitazama ziwa. Kulikuwa na boti inapita na niliiona ina umuhimu mkubwa sana.

Jirani wa chini ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya kuuzia maharage. "Gari ya mama ilikuwa imesimama, sha, rafiki yangu. Huyu ndiye yake ilikuja yenyewe. Isingekuwa gari ya mama kusimama vile, leo mngekuwa mnanilia mimi. Kama mnatafuta mtu wa kunyang'anya ufunguo, yupo hapa, anatazama boti."

Binti alinigeukia. Nikasema, ndiyo, ni kweli, nikaomba radhi kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Lakini muuguzi ni muuguzi. Hakuondoka kwenye goti.

"Leo hukukosea, Mama. Na kesho? Ukishindwa kukanyaga, kuna watu chini pale." Akamwonyesha jirani wa chini kana kwamba ni kielelezo cha darasani. "Nipe ufunguo."

"Ufunguo nilipewa na mkono wangu wa kazi," akasema Dereva. "Hauondoki kwa hofu ya mtu wa Dodoma. Unataka kujua kama naweza kusimamisha gari? Njoo."

Akashuka hadi kwenye gari lake, pale pale mteremkoni. Akaokota kifuniko cha soda, akakigongea ardhini kwa kisigino cha fimbo, ubavuni mwa gurudumu. Kisha akachukua chaki, akachora mstari kwenye tairi, unyooke mpaka juu ya kifuniko.

"Nitaegesha hapa kila siku, na kila siku nitachora. Siku huu mstari ukikuta umekiacha kifuniko, hata kidole kimoja, nitakupigia mwenyewe."

"Na utanipa ufunguo?"

"Nitakupigia mwenyewe," akarudia Dereva. Binti alichukulia kuwa ndiyo. Mimi niliyekuwa nimeanza kujifunza kusikiliza, niliona kuwa hakusema ndiyo.

Miaka miwili na zaidi mstari haukukiacha kifuniko. Mvua za masika zilikizika, akakifukua. Kila asubuhi aliinama, goti likilia, akatazama, akafuta, akaenda zake sokoni au kanisani au kumpeleka mama mjamzito zahanati, maana siku hizi ndilo gari linaloombwa kwanza mtaani. Jioni tik sita. Mimi na jirani wa chini tuliacha hata kulizungumzia.

Juma lililopita, Jumatano, nikiwa barazani najaza fomu ya mtu, Dereva alirudi kutoka Kibirizi. Nikasikia mlango wa gari, nikasikia kabari ikiingia. Kabla ya hayo nilikuwa nimesikia tik, tik, tik, tik. Nne. Niliinua kichwa. Nikajiambia bajaji imepita, imezimeza mbili. Hakuna bajaji iliyokuwa imepita.

Asubuhi nilikwenda kabla hajatoka. Mstari wa chaki ulikuwa umekiacha kifuniko. Upana wa kidole changu cha shahada, nilikipima. Gari lilikuwa limeikalia kabari na kabari imeshika, imezama kidogo kwenye udongo. Juu ya ile mbao ya mtumbwi ilikuwepo kazi yote.

Sioni haya kusema nililofikiria. Nilifikiria kulowesha kidole mate, kufuta mstari, na kuchora mwingine mahali pazuri. Chaki ilikuwa pale kwenye tundu la ukuta anapoiweka. Nani angejua? Nilikuwa nimeinama nikiitazama niliposikia fimbo.

"Mwakeye, bwana wa barazani," akanisalimia kwa Kiha.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye gurudumu langu?"

"Natazama tu."

Aliinama kwa taabu, akatazama na yeye. Alikaa vile muda, nusu ameinama, mkono kwenye tairi. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana umri wake.

"Umeona?" akauliza.

"Sijaona kitu."

"Umeona. Usinihurumie, huruma yako naijua, iliwahi kuandikwa kundini." Akajinyoosha. "Kebo ya hendibreki imelegea. Nitampelekea fundi."

Hapo ningeweza kuitikia. Kebo hulegea kweli, zote hulegea, na mtu wa sabini kuitupia lawama kebo si kosa la jinai. Lakini nilikuwa nimeshatazama boti mara moja mbele ya mama huyu, na nilijua ladha yake.

"Dereva, jana nilihesabu nne," nikasema. "Huwa unavuta sita."

Aliutazama mkono wake wa kushoto, ule wa hendibreki, akaufumba na kuufumbua kama mtu anayejaribu glovu iliyonunuliwa na mwingine.

"Nne."

"Nne, Dereva."

"Mbona hukusema jana?"

"Nilifikiri bajaji."

"Hapakuwa na bajaji."

"Hapakuwa na bajaji," nikakubali.

Akatoa kitochi mfukoni, akabonyeza, akaweka spika, akaishika mbali na sikio kama kitu cha moto. Binti alipopokea, alisema bila salamu, "Gari imesogea kidole kimoja."

Sauti ikaja kutoka Dodoma, kwa upole: "Mama, tuliahidiana."

"Nimetimiza. Nilisema nitakupigia, nimekupigia. Ningetaka kukudanganya ningefuta chaki, kuna mtu hapa alikuwa tayari kunifutia." Sikujua nitazame wapi, hata boti haikuwepo. "Sasa nisikilize. Mimi huweka vitu vitatu: hendibreki, kidole cha giaboksi, kabari. Jana kimoja kilikuwa dhaifu, viwili vikashika. Ndiyo sababu ni vitatu. Dhaifu ulikuwa mkono wangu, nimeambiwa. Njoo Jumamosi. Nikishindwa sita mbele yako, ufunguo utachukua, na mimi mwenyewe nitaupaka mafuta kwanza. Nikiweza, hutaniuliza tena mpaka nikuite."

"Na kama utaweza Jumamosi tu?"

"Ndiyo maana kuna Jumapili, na Jumatatu, na huyu mtu hapa hana pa kwenda. Anahesabu."

Binti alifika Jumamosi kabla ya mchana. Alikuwa amenyoa nywele, amekonda, na alinisalimia kama mtu anayemsalimia shahidi. Tulisimama juu ya mtaro: yeye, mimi, na jirani wa chini na mwiko wake. Dereva alishusha gari hadi kwenye kifuniko. Madirisha yote aliyafungua, makusudi. Tukamwona akikanyaga, akaweka N, akaukunja usukani kuelekea mtaroni. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye hendibreki.

Tik, tik, tik, tik.

Ukasimama hapo. Binti alifungua mkoba wake, akauacha wazi. Nilimwona Dereva kwa ubavu, kilemba hakitikisiki, taya limekaza. Kisha akajigeuza kitini, goti baya likagonga usukani, akauleta na mkono wa kulia, akaiweka mikono yote miwili juu ya hendibreki kama anavuta ndoo kutoka kisima kirefu.

Tik. Tik. Akapumzika. Tik.

Akaachia mguu. Gari likainama, likakaa. Akarudisha mguu, akaweka P, akazima. Alishuka bila kututazama, akaingiza kabari kwa ncha ya fimbo, akachora mstari wake wa chaki.

"Saba," akasema binti.

"Sita zinatosha," akasema Dereva. "Ya saba nimekuongezea wewe, ukalale huko Dodoma."

Binti aliufunga mkoba. Alisema kitu kuhusu kutafutiwa daktari wa mkono, na Dereva akasema daktari sawa, mkono ni wake na atampelekea mwenyewe, kwa gari. Wakapanda kwenda kunywa chai, mmoja na fimbo, mwingine ameibeba ndoo ya maji ambayo hakuruhusiwa kuibeba.

Mimi nilibaki pale. Nilihisi nimefanya jambo zito, nilikuwa nimesema ukweli juma moja mara mbili: zile nne, na bajaji isiyokuwepo. Nikamgeukia jirani wa chini nikamwambia kwamba mambo kama haya yanafaa kuandikwa, na kwamba jioni nitakaa barazani niyaandike yote. Alinitazama kutoka kandambili hadi kichwani, akasema:

"Mwenzio ana goti bovu na mkono mbovu, na gari yake imesimama. Wewe una vyote vizima, na kila siku unaiba figa langu, na leo hata hukulirudisha. Lirudishe sasa hivi, maharage yangu hayajaiva."